Kasiksi ya Mama

Ndizi zinapokaribia kuiva kupita kiasi hutoa harufu ambayo mtu asiyezaliwa Kivu anaweza kudhani ni ya kitu kinachooza. Kwangu mimi ni harufu ya Ijumaa. Katika nyumba yetu ya mbao pale Ndosho, magharibi mwa Goma, ilianza kupenya katikati ya juma, ikachanganyika na moshi wa makaa na vumbi jeusi la volkano, na kufikia Ijumaa ilikuwa imeingia hadi kwenye sare zetu za shule. Mwalimu wetu alikuwa akininusa na kuniuliza kama Papa ameshavundika. Kwa kawaida ndizi za pombe huvundikwa shimoni, lakini Ndosho nani atachimba shimo? Chini ni jiwe tupu, hata mpini wa jembe unakuonea huruma. Kwa hiyo Papa alijenga kiboma cha mawe ya volkano kando ya ukuta wa jiko, akakitandika majani ya migomba, akapanga ndizi zake humo na kuzifunika blanketi kuukuu, na kila jioni alipotoka kazini alikwenda kuzibonyeza kabla hata ya kutusalimu.

Papa alikuwa karani katika ghala la mizigo. Hakuuza hata kikombe kimoja cha pombe yake. Wanaume wengine walikuwa na mpira wao, yeye alikuwa na kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao upande wa Bukavu, na kila Jumamosi rafiki zake walikuja kumsaidia kuitengeneza na kuinywa ile ya juma lililopita. Mkubwa wao alikuwa Papa Safari, seremala mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, ambaye ndiye aliyemchongea Papa gogo la kukamulia ndizi. Lilikuwa na umbo la mtumbwi, nasi tukaliita mutumbwi, ingawa halikuwahi kuonja maji ya ziwa. Walikunja suruali, wakanawa mikono hadi viwikoni, wakazisugua ndizi kwa nyasi mpaka maji yake yatoke, na muda wote huo walibishana. Walibishana juu ya maji, juu ya nyasi, juu ya unga wa mtama kama umekaangwa kidogo au umeungua. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakinuniana kwa sababu ya nyasi! Niliwapenda sana.

Mama alimenya ndizi, akakaanga mtama na kuusaga, akachota maji, akasugua madumu kwa mchanga. Lakini ukamuaji ulipoanza, alitakiwa kurudi jikoni. Mwanamke hasogelei mutumbwi. Ndivyo walivyosema, na hakuna aliyeuliza. Akiugusa, pombe inalala, inakuwa maji machungu. Sisi watoto wa kike tuliruhusiwa kutazama tukiwa mlangoni kwa sababu bado tulihesabiwa kuwa si wanawake. Mama naye alitazama, kupitia dirisha dogo la jiko, na nilimwona mara nyingi akitikisa kichwa walipozidisha maji, akisonya kidogo, akirudi kwenye sufuria yake. Kwao alizaliwa peke yake, hakuwa na kaka, na baba yake alimfundisha kazi yote kwa siri kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumfundisha. Alinisimulia hayo akinisuka nywele, kwa sauti ya chini, na uso wake uling'aa kama wa mtu anayesimulia ngoma aliyowahi kucheza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sote tulilisubiri. Kasiksi ikishachanganywa na unga hufunikwa majani na kuachwa ichache, nayo inapochacha hutoa hewa ambayo huioni wala huisikii. Papa alikuwa akifunua jani kidogo, anawasha njiti ya kiberiti na kuishusha polepole juu ya pombe. Njiti ikiendelea kuwaka, pombe bado. Ikizimika yenyewe, ghafla, kana kwamba kuna mtu aliyeipuliza kutoka chini, Papa alipiga makofi na kusema kwa sauti kubwa, "Iko inapumua!" Nasi mlangoni tulipiga makofi. Mama alipiga ya kwake jikoni. Kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema kuliko zote za juma.

Mwaka ambao nilikuwa najiandaa kwa Komunyo ya kwanza, Mama aliamua. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, wanaume wamekaa uani na vikombe vyao, wanapanga pombe ya sikukuu yangu. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwa kitenge, akasimama mbele yao.

"Ya komunyo ya Neema nitaitengeneza miye," alisema.

Papa Safari alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama Neema, siku tutakunywa kasiksi yako, miye nitavala kikwembe, niende nacho ku misa!"

Wote walicheka. Papa naye alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mume anayetaka rafiki zake wasimwone mnyonge. Mama hakuondoka. Kicheko kilipoisha na yeye bado amesimama, Papa alikohoa. "Tengeneza basi, sikukatalie. Lakini hapa kwangu, hapana. Ile mutumbwi mwanamuke haiguse."

"Ni sawa," Mama akasema. "Nitafanyia fasi ingine. Na mutaikunywa bote."

Nafasi hiyo nyingine ilikuwa Lac Vert, kwenye barabara ya kwenda Sake, kwa rafiki yake Mama Zawadi. Mama Zawadi alikuwa mjane kutoka milima ya Masisi, alihamia pale miezi michache tu kabla, akapanga kishamba chenye migomba kati ya miamba. Hakuwa na mume wa kuuliza hawa wanawake wanafanya nini. Siku ya kukamua Mama alinichukua, tukapanda pikipiki sote wawili na rundo la nyasi mgongoni mwangu. Hawakuwa na mutumbwi, walitumia beseni kubwa la kuogea. Sijawahi kumwona Mama vile. Alizamisha mikono hadi mabegani, akaimba, akamfokea Mama Zawadi kuhusu maji kama vile Papa alivyomfokea Papa Safari, kisha akajisikia anavyofoka na kucheka hadi machozi yakamtoka. Nilielewa siku ile kwamba hakutaka kuwashinda wanaume wa Papa. Alitaka kucheza nao, basi.

Kulikuwa na baridi, na pombe haipendi baridi. Nyuma ya kishamba Mama aliona bonde dogo katikati ya miamba, kama chumba kisicho na paa, halipigwi sana na upepo na mpita njia hawezi kuliona. Waliishusha mitungi ya pombe humo, wakaifunika majani. Siku mbili tatu baadaye tulirudi mchana, upepo wa ziwa ukivuma. Mama alishuka, akawasha njiti, ikawaka vizuri kabisa mpaka mdomoni mwa mtungi, ikafifia pale kidogo na kuwaka tena. "Bado," alisema. Kwenye nyasi za bonde lile niliona ndege wadogo wamekufa, wamelala ubavu, manyoya yao hayana hata doa. Nilimwonyesha. Alisema wamelewa harufu ya kasiksi yake, na mimi niliona hiyo ni sifa kubwa kwa pombe.

Mtu aliyekulia kando ya ziwa angetukimbiza pale kwa mawe. Kuna hewa nzito inayotoka kwenye miamba ya huko na kujilaza mabondeni, haina rangi, haina harufu, na wenyeji wanaiita mazuku. Mchana upepo huifagia. Asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia, hujaa bondeni kama maji kwenye sahani, na anayeingia humo haombi hata msaada. Neno lenyewe tulikuwa tumelisikia, lakini kwa watu wa Ndosho lilikuwa neno la mbali, la mbuzi wa watu wengine waliokufa malishoni. Mama Zawadi wa milimani hakulijua kabisa.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Komunyo, Mama aliondoka alfajiri ili awahi kuchuja. Mimi nilikuwa na mafundisho ya mwisho parokiani. Niliporudi, nilimkuta Mama Zawadi uani kwetu, hana viatu, kitenge kimechanika begani, na Papa amesimama mbele yake na rafiki zake nyuma, mikono yao ikidondosha maji ya ndizi, kwa kuwa nao walikuwa wanakamua ya kwao kama Jumamosi zote.

"Aliwasha njiti ya alimeti pale juu, kabla ashuke," Mama Zawadi alikuwa akisema. "Ikazimika. Akacheka. Akaniambia, 'Mama Zawadi, ona, iko inapumua mupaka huku juu!' Akashuka mbio. Akainama afunue majani. Hakuinuka tena, Papa Neema. Miye nilifwata, magoti ikakatika. Kuko mutu wa kuuza makaa alikuwa anapita, ndiye alinivuta na nguo, akapiga kelele, 'Toka, ni mazuku!'"

Papa alielewa kabla hajamaliza. Nilimwona akielewa. Njiti ile alikuwa ameiwasha mbele yetu Jumamosi zote za maisha yangu, na kila ilipozimika alitufundisha kufurahi. Alikaa chini, juu ya maganda ya ndizi, akaweka mikono yake kichwani jinsi ilivyo. Mimi nilidhani kwanza wanazungumza juu ya mtu mwingine. Nilimuuliza Papa Safari kama Mama amebaki kuchuja, naye akaniinua na kunibeba hadi barabarani, msichana mkubwa kama nilivyokuwa.

Upepo ulipoamka vijana wa Lac Vert walimtoa kwa kamba, na baada yake wakaitoa mitungi, kwa sababu watu hawaachi kitu cha marehemu bondeni. Ikaletwa kwetu pamoja naye. Kwenye kilio ilikaa pembeni mwa ukuta, hakuna aliyejua ifanyweje. Jioni ya siku ya maziko Papa mwenyewe aliichuja na kuwagawia. Wanaume walikunywa wakiwa wameinamisha vichwa. Ilikuwa nzuri, kali kidogo, safi, bila ule uchungu wa mtama ulioungua ambao wao hawakuwahi kuushinda. Najua kwa kuwa nilionja mabaki kwenye kikombe cha Papa Safari. Alikuwa analia na kusema, "Ni muzuri, Mama Neema, ni muzuri," kana kwamba Mama yuko jikoni anasubiri kusikia. Nilimchukia kwa maneno hayo. Kwa nini ayaseme pale, mbele ya sanduku la nguo zake, na si Jumapili ile? Papa hakunywa. Komunyo nilipewa baadaye, katika misa ya katikati ya juma, watu wachache kanisani, na gauni lilikuwa limeshanibana kifuani.

Papa alilipasua gogo lile kuwa kuni na hakutengeneza pombe tena. Tuliishi miaka mingi bila harufu ya Ijumaa. Nilikua, nikaolewa, nikarudi Ndosho na watoto wangu baada ya mambo yangu kuharibika, na mwaka mmoja, sikumwambia mtu, nilinunua ndizi kwenye lori lililotoka Rutshuru na kuzivundika. Mikono ilijua. Siku hizi tuko wanawake kadhaa mtaani tunaokutana Jumamosi, tunakamua kwenye mabeseni mchana kweupe, tunabishana juu ya maji, na wanaume wanapita na kutuuliza itakuwa tayari lini. Hakuna anayegeuza shingo. Hakuna pombe iliyolala. Mji umepita katika mambo mazito sana tangu wakati ule, moto wa mlima na moto wa watu, na katika hayo yote katazo lile lilikufa bila mtu kulizika. Hakuna siku ambayo wanaume walikaa na kusema basi, sasa ruhusa. Liliisha tu, kama sabuni. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama wangelipigania.

Papa ni mzee sasa, anaishi nami. Jumamosi moja ya hivi karibuni alikaa kwenye kiti chake uani akitutazama, mwenye furaha kidogo, akaanza kumsimulia binti yangu habari za Jumamosi zake za zamani, jinsi alivyokaa na Papa Safari na wenzake wakikamua, na wanawake hawaruhusiwi kusogea. Binti yangu ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule. Alimsikiliza vizuri, mikono yake ikiwa ndani ya beseni, kisha akauliza, kwa sababu hakuelewa kweli:

"Kumbe banaume peke yao? Na bamama walikuwa wanakatazwa sababu ya nini?"

Wanawake wote waliacha kukamua. Mimi niliacha. Nilikuwa nimelingoja jibu la swali hilo tangu nikiwa na nywele za kusukwa, na sikuwahi kuthubutu kuliuliza. Papa alimtazama mjukuu wake, akatazama beseni, mzee wa watu, akitafuta kwa bidii.

"Sijue, mutoto wangu," alisema.

Ningetoa kila kilichomo uani mwangu siku ile ili awe na sababu, hata iwe mbaya.