Kamati ya Kunichagulia Hoteli Guangzhou

Kwa miaka tisa nimetandika vitanda katika hoteli moja ya Arlington, ya kampuni ile yenye jina moja dunia nzima, ambayo mgeni akiamka hajui yuko Marekani au Dubai mpaka afungue pazia. Nimetandika vitanda vya wanajeshi wenye nyota mabegani, vya wauza programu za kompyuta, na vya maharusi walioondoka wakasahau gauni kabatini. Kulala katika kimojawapo sijawahi. Kwa hiyo siku nilipopata sababu ya kuchagua hoteli yangu mwenyewe, nilichagua kama mtu mwenye kisasi.

Sababu yenyewe ilikuwa dada yangu mkubwa. Anaishi Guangzhou, kusini mwa China, ambako anawakusanyia mizigo wafanyabiashara wanaotoka kwetu Tanzania: taa, viatu, vigae, mapazia, kila kinachoingia kwenye boksi. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Mara mbili aliomba viza ya kuja kunitembelea, na mara mbili alirudishiwa pasi yake na karatasi ya kumshukuru kwa kuomba. Basi nikasema nitakwenda mimi, nikaomba likizo ya siku tisa, nikaipata.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka yote hiyo. Nilipopata kazi nilimwambia dada, "Niko hotelini." Ni kweli nilikuwa hotelini. Yeye akawaambia wateja wake kwamba mdogo wake ni meneja wa hoteli Marekani, nami sikumsahihisha. Mwanzoni nilisubiri nafasi nzuri, baadaye nikaona haya, na ilipopita miaka mitatu kumsahihisha kungekuwa ukorofi. Kwa hiyo nilitaka hoteli ambayo dada akiingia aone marumaru na maua mezani, kisha nimpandishe kwa lifti na kadi yangu mkononi, na swali la umeneja lisiulizwe tena.

Bosi wangu akanipa barua ya bei ya wafanyakazi, ambayo inafanya kazi katika hoteli zetu zote duniani. Nikafungua simu nione tunazo ngapi Guangzhou. Sikujua kwamba tumezaliana kiasi hicho. Kulikuwa na ile ya matajiri, ile ya wanaojifanya matajiri, ile ya wafanyabiashara, ile yenye jiko dogo chumbani, na nyingine ambayo tofauti yake na ya kwanza ni rangi ya mito tu. Zote zilikuwa "katikati ya jiji". Jiji hilo lina katikati nyingi kuliko jiji lolote ninalolijua.

Watu wengine wakichagua hoteli husoma maoni ya wageni. Mimi siyaamini, kwa sababu nimeshaandikwa humo. Mgeni mmoja aliwahi kuutangazia ulimwengu kwamba taulo lake lilikuwa na unyoya, na kumbe unyoya ulikuwa wa paka wake, aliyemwingiza kwa siri ndani ya begi. Mimi naangalia picha, na kwenye picha siangalii kitanda. Kitanda cha kwenye picha kinatandikwa na watu watano wakisimamiwa na mpiga picha. Naangalia kona ya zulia, chini ya meza, na ukingo wa pazia, maana huko ndiko mwenzangu aliyechoka hufikia kikomo. Kwa njia hiyo nilizikata hoteli nyingi nikabaki na saba, kisha nikakwama.

Kosa langu lilikuwa kulisema jambo hili kanisani. Watu wetu wa huku hawana tatizo dogo. Ukiwaambia una msiba, wanaunda kamati. Ukiwaambia binti yako anaolewa, wanaunda kamati yenye kamati ndogo tatu. Nilisema tu, tukinywa chai baada ya ibada, kwamba ninashindwa kuchagua hoteli, na kabla kikombe hakijapoa nilikuwa na mwenyekiti, katibu, kundi la WhatsApp, na tarehe ya kikao.

Kikao kilifanyika katika mji wa Bowie, nyumbani kwa mwenyekiti, Mtanzania mwenzangu mwenye kazi ya serikali na nyumba yenye gereji ya magari mawili. Alistahili uenyekiti kwa sababu ameshafika China. Alikaa Beijing siku nne, kwenye mkutano, na hakutoka nje ya jengo, ila tangu hapo akiulizwa chochote kuhusu Wachina huanza na "Kwa uzoefu wangu". Katibu alikuwa jirani yangu wa Temple Hills, ninakoishi, Mkenya anayetunza wazee, ambaye amekusanya pointi, zile za kulala bure, za kampuni ya hoteli pinzani na yetu kwa uaminifu ambao hata ndoa yake haikuupata. Mjumbe wa tatu alikuwa shemasi, baba wa Kikongomani kutoka Bukavu, ambaye binamu yake hununua bidhaa Guangzhou. Tulifungua kwa sala. Shemasi aliomba Mungu atuongoze kwenye chumba chenye dirisha.

"Ndugu wajumbe," alisema mwenyekiti, "tusiharakishe. Kwa uzoefu wangu, China ni kubwa."

"Mimi nasema tu hivi," alisema jirani yangu. "Achana na hiyo hoteli ya kazi yako. Utaenda likizo ulale kwa mwajiri? Hii yangu iko na breakfast, iko na gym, na points zangu zimekaa tu bure. Naku-bookia leo leo."

"Mama, miye nasema kweli," alisema shemasi. "Cousin yangu analalaka mu hôtel ya ba-Chinois wenyewe, karibu na marché, soko yao. Ni propre, safi sana. Na asubui wanakupa supu."

Wakagawanyika makundi matatu kwa watu watatu. Tulijadili supu. Tulijadili kama gym ina maana kwa mtu ambaye kazi yake ni kuinua magodoro. Kisha jirani yangu akakuza picha ya chumba kimoja kwenye simu, na wote tukaisogelea: ukuta wa bafu ulikuwa wa kioo, na mtu aliyelala kitandani angemwona anayeoga kuanzia nywele hadi visigino.

"Bafu ya kioo, hapana," alisema shemasi. "Mukristo haonekanake akioga."

Nikasema nitakuwa peke yangu chumbani. Mwenyekiti akaniambia kwamba hilo ni suala la maadili na haliangalii idadi ya watu. Ikaamuliwa kwamba hoteli zote zenye bafu la kioo ziondolewe, na kwa uamuzi huo tukapoteza tano kati ya saba zangu, moja ya jirani, na ya shemasi mwenyewe yenye supu. Alinuna mpaka maandazi yalipoletwa.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu yake. Ana miaka kumi na saba, amekulia hapa, anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote. Aliinua uso akasema, "Did anybody ask Mamkubwa?"

Tulimtazama wote, kana kwamba kumuuliza dada yangu kulikuwa nje ya ajenda. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, akamwomba aongeze maji kwenye birika. Katibu hakuandika kitu.

Mwishowe, baada ya vikao viwili na kura moja iliyorudiwa, ilishinda hoteli ya kampuni yangu, kando ya mto, ghorofa ya thelathini na moja, bafu la ukuta. Nililipia, nikachapa karatasi ya uthibitisho kwa rangi, nikaiweka ndani ya pasi. Nakiri kwamba niliitoa mara kadhaa kuitazama. Jina langu lilikuwa limeandikwa mahali pa mgeni, na katika miaka tisa nilikuwa nimeliona kwenye ratiba ya usafi tu.

Jumamosi asubuhi, ambapo kule ni jioni, nilimpigia dada.

"Shikamoo dada. Nimeshapata hoteli."

"Marahaba. Hoteli ya nini?"

"Ya kulala, nikija."



"Kwani mimi nimehama?" aliuliza.

Nikaanza kueleza. Nilimwambia sikutaka kumsumbua, kwamba nina bei ya wafanyakazi, kwamba kuna mto, na kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyozidi kufanana na ya wahudumu wa mapokezi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, polepole, kwamba amenunua godoro jipya. Amebadilisha pazia. Amekwenda kituo cha polisi cha mtaa wake, maana kule mgeni akilala kwa mtu lazima aandikishwe, akauliza taratibu zote mapema, wakamwambia ailete pasi yangu tu nikifika. Shuka ameshazifua, ingawa bado wiki tatu.

"Basi," alisema. "Ukifika hotelini kwako nitakuja kupanga foleni, niulize kama unapokea wageni."

Akakata simu bila kuniaga. Dada yangu hajawahi kufanya hivyo, hata siku ya msiba wa baba.

Nilikaa jikoni na ile karatasi ya rangi. Nilikuwa na aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na hasira, maana nilijiuliza imekuwaje watu wazima wanne tukakaa vikao viwili bila hata mmoja kulifikiria hili. Wote tumetoka kwenye nyumba ambazo mgeni akija watoto wanahamia mkekani. Shemasi mwenyewe alipofika nchi hii alilala miezi minne kwenye kochi la mtu ambaye hakuwa akimjua, na kila mwaka humshukuru mbele ya kanisa. Jirani yangu nimemlaza mimi alipoachana na mumewe. "Sitaki kukusumbua" ni maneno tuliyojifunzia hapa, kwa watu wanaopiga simu kuuliza kama wanaweza kupiga simu. Mjinga mkubwa nilikuwa mimi, kwa sababu mimi sikusahau kama wenzangu. Nilikuwa na sababu yangu, na ilikuwa na lifti.

Nilipoliarifu kundi la WhatsApp, kamati ilikasirika kwa niaba yangu, kisha kwa niaba ya dada. Mwenyekiti akaandika barua ya kuomba radhi yenye kichwa "Yah: Suala la Malazi", na ndani yake kamati ilieleza kusikitishwa kwake na mapungufu yaliyojitokeza katika mchakato. Wakaituma kwenye namba ya dada. Aliisoma. Tiki mbili zikageuka bluu, zikabaki hivyo. Jirani yangu akapendekeza kikao cha tathmini.

Siku nne dada hakupokea simu zangu. Nilikuwa nikimpigia kila siku ya kazi, tangu mwaka wa kwanza, nikiwa kwenye basi la alfajiri kuelekea stesheni ya treni, kwa kuwa saa kumi na moja yangu ya asubuhi ni saa kumi na moja yake ya jioni. Basi lilikuwa kimya kuliko kawaida, ingawa ndilo lilelile na walinzi na wapishi walewale waliosinzia. Siku ya tano, kabla hatujafika stesheni, nilifungua simu nikaifuta hoteli. Wakaniuliza kama nina uhakika. Wakaniuliza tena. Nikawajibu ndiyo, nikampelekea dada picha ya ujumbe wao, kisha nikapiga.

Alipokea. Nilisikia utepe wa gundi wa kufungia maboksi ukivutwa, mrefu, kisha ukakatwa.

"Nimeona," alisema.

"Dada, mimi si meneja."

"Sijakuuliza."

"Natandika vitanda. Miaka tisa natandika vitanda na kusugua mabafu. Nilitaka unione kwenye hoteli nzuri, basi."

Utepe ukavutwa tena. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mwenye kofia ya jikoni, aligeuka akanitazama, akarudisha macho yake dirishani kwa heshima.

"Meneja gani," alisema dada, "ananipigia simu alfajiri kila siku yuko kwenye basi? Nasikia kengele ya kusimamisha. Nimejua zamani."

"Mbona hukusema?"

"Uliona haya. Nikakuacha na haya zako."

"Na wateja wako uliowaambia?"

"Hao wataendelea kuambiwa. Kwao wewe ni meneja, na ukija uvae viatu vizuri."

Nilicheka, kisha nikalia, mbele ya basi zima, wala sikujifuta. Utotoni tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani na yeye upande wa nje, ili nisianguke, na asubuhi yeye ndiye alitandika kwa sababu mikono yangu haikufika kona ya mbali. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunitandikia kitanda.

Nikamuuliza anahitaji nimletee nini kutoka huku. Akasema nisilete kitu, chumba ni kidogo.

"Kitanda ni kimoja," alisema. "Utalala ukutani. Na asubuhi ole wako uguse shuka, nitatandika mimi."