Maksai Waliojua Kibukusu Peke Yake

Nilitoka nyumbani kwa sababu nilikuwa nimechoka kuuza mahindi. Gunia ambalo nililipima mara mbili uani kwangu lilikuwa likifika Bungoma, kwenye mizani ya mwenye duka karibu na stesheni, likiwa limekonda kama mgonjwa. Ukilalamika unaambiwa mizani ni ya serikali. Kidole kilichokuwa juu ya mizani hakikuwa cha serikali, lakini nani atakisema? Basi nikaanza kujiuliza: sisi watu wa huku tuna kitu gani ambacho wengine wanakihitaji, na ambacho hakipandi kwenye mizani ya mtu?

Jibu lilikuwa shemeji yangu Wanyonyi, kaka ya mke wangu. Wanyonyi alikuwa anafundisha maksai kulima. Akipewa dume ambalo halijawahi kuguswa shingo, baada ya muda mfupi linatembea na nira kama limezaliwa nayo. Nyumbani kazi hiyo haikuwa na bei, maana kila mji ulikuwa na mtu anayejua kidogo, na kidogo chake kilimtosha. Lakini upande wa Kitale kulikuwa na mashamba makubwa ya Wazungu na ng'ombe wengi wasiojua chochote. Nikamwambia, "Shemeji, tukauze kazi mahali ambapo hawana. Wewe utafundisha, mimi nitapatana bei."

"Na tutarudi lini?"

Nilijua kwa nini anauliza. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara, na kijana wake wa kwanza, Simiyu, alikuwa ameshasema mwenyewe kwamba yuko tayari kusimama mwezi wa nane. Kwetu kijana akisimama mbele ya kisu, baba yake anasimama mahali anapoonekana. Baba akikosekana, ndugu zake watasimama badala yake, sawa, lakini watu watalizungumza jambo hilo mpaka kijana naye awe na wajukuu.

"Tutarudi kabla," nikasema. Hiyo ndiyo bei ya kwanza niliyopatana, na sikuiweka mahali popote ila mdomoni.

Asubuhi ya kuondoka tulifunga kamba za ngozi, viboko viwili virefu, blanketi na unga. Nilizihesabu kamba: nane. Nikazihesabu tena. Wanyonyi akaniangalia tu. Simiyu alitusindikiza mpaka njia panda akiwa na njuga za tohara mkononi, anajizoeza. Baba yake akamwambia, "Ukisimama siku hiyo, tazama mbele. Mimi ndiye utakayeniona." Kijana akaitikia kwa kichwa.

Chwele tulifika siku ya soko. Wachuuzi walikuwa wanavutana kwa kuku na chumvi, nami nikavutana kidogo kwa sababu ya afya yangu. Mama mmoja aliyetuuzia uji aliona viboko vyetu akauliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia, akacheka.

"Ati mnabeba nini mkauze? Mbona mikono mitupu?"

"Tunabeba kichwa cha huyu," nikasema, nikimwonyesha Wanyonyi.

"Hiyo itakuwa rahisi kuiba, bana," akasema, akaongeza uji bila kuombwa. Niliufikiria ule uji wa bure kwa muda mrefu njiani. Maneno yake sikuyafikiria.

Kutoka hapo tulipita Kimilili, tukalala kwa jamaa, tukavuka mto Kamukuywa asubuhi maji yakiwa baridi ya kukata vidole. Baada ya Kamukuywa nchi inabadilika. Vijiji vinaisha, seng'enge inaanza. Mtu anaweza kutembea kutwa nzima ua mmoja ukimsindikiza mkono wa kushoto, na asione mwenyewe wa huo ua.

Kitale tulifikia kwa Salimu, mtu wa mjini, mwenye chumba cha chai karibu na msikiti. Baba yake alikuja na misafara ya zamani, akabaki. Salimu alitupa mahali pa kulala nyuma ya duka lake na ushauri ambao hatukuuomba.

"Mtaandikwa kama nani?"

"Kama mafundi."

"Kwa karani wa shambani hakuna fundi mweusi. Kuna kibarua na kuna mwizi. Patana sana uwe wa kwanza."

Shamba tulilolipata lilikuwa upande wa Matisi, la Mzungu ambaye wafanyakazi wake walimwita Masharubu. Alitusikiliza akiwa juu ya farasi, karani wake akitafsiri. Nilimwambia bei yetu ni kwa jozi: jozi ikishajua kulima, unalipa jozi. Hakuna mwezi, hakuna siku. Tuna chakula chetu, tunalala tunapotaka, tukimaliza tunaondoka. Masharubu akatoa bei, nikaikataa. Akatoa nyingine, nikaangalia angani. Ya tatu ikanipendeza, nikanuna ili asijue. Jozi kumi na mbili. Nilihesabu ng'ombe zizini: ishirini na wanne. Nikarudi nikahesabu tena, maana ng'ombe wa mtu mwingine huwa wanaongezeka ukigeuka.

Kisha karani akataka vipande vyetu. Kila Mwafrika mwanamume aliyekwenda kazini alivaa kipande chake shingoni ndani ya kibati, na mwajiri anaandika humo siku ulipoingia na siku alipokuachilia. Ukiondoka kabla hajaandika, wewe ni mtoro, na askari hana haja ya kukuuliza habari ya jozi wala nusu jozi. Tulivitoa. Karani akaandika. Nilimwuliza ameandika nini. Akasema, "Nimeandika mmefika." Ilikuwa kweli, tulikuwa tumefika.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na hapa nataka kumsifu Wanyonyi kwa sababu baadaye hakusifiwa. Alimfunga dume mkali pamoja na maksai mzee mtulivu, akawapa gogo la kuvuta, hakuwapa plau. Siku kadhaa ni gogo tu, huku na huko. Alimpa kila mmoja jina na kumwita kwa hilo jina wakati wa kula chumvi mkononi, ndipo akaanza kumwita kwenye kazi. Kupiga alipiga mara chache. Kiboko kililia hewani na ng'ombe wakaelewa. Wafanyakazi wa shamba, wengi wao Waturukana, walikuja kukaa kwenye ua jioni kumtazama. Mmoja, Ekai, alikuwa anakuja kila siku.

Jozi ya kumi na mbili ilimalizika mwezi wa saba ukielekea mwisho. Nilifurahi. Tulikuwa na nafasi ya kutosha ya kutembea polepole, hata ya kupita Chwele kununua kitu cha kijana.

Masharubu akaja kuona. Akamwambia Ekai ashike plau, na mwenzake atangulie mbele. Ekai akapaza sauti kwa Kiturukana. Ng'ombe wakasimama. Akajaribu Kiswahili. Ng'ombe wakamtazama kwa heshima, kama wageni wanaosubiri mkalimani. Akawapiga, wakageuka wakavunja mstari. Wanyonyi akaita jina moja tu kutoka uani, kwa Kibukusu, na jozi yote ikanyooka ikaanza kutembea.

Mimi nilikuwa nimepatana juu ya chakula, malazi, kamba zikikatika nani analipa, hata dume likivunjika mguu. Juu ya lugha sikupatana. Wala Wanyonyi hakuwa amewaza. Kwetu ng'ombe wote wanajua Kibukusu. Hujawahi kumwuliza ng'ombe anaongea nini.

Masharubu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akaongea na karani, karani akatugeukia. "Bwana anasema kazi ni nzuri sana. Huyu Wanyonyi abaki. Atapewa mahali pa kujenga na shamba dogo. Wewe unaweza kwenda."

"Sisi tumemaliza," nikasema. "Jozi kumi na mbili."

Karani akafungua kipande cha Wanyonyi, akasoma bila haraka. "Hapa hakuna jozi. Hapa kuna kibarua, wa mwezi kwa mwezi. Bwana hajamwachilia."

"Tulipatana hapa hapa, wewe ukitafsiri."

"Nilitafsiri vizuri. Kuandika ni kazi nyingine."

Nilipatana siku ile kuliko nilivyowahi kupatana maishani. Nilimwambia karani, basi Bwana akitaka watu wake waongoze hawa ng'ombe, Wanyonyi atawafundisha watu. Lakini kufundisha ng'ombe ni bei moja, na kufundisha mtu ni bei nyingine, kubwa zaidi, kwa sababu ng'ombe hatakwenda kumfundisha ng'ombe wa jirani. Karani alicheka mpaka akafuta macho. Akamtafsiria Masharubu, naye akatabasamu. Jibu lilikuwa fupi: wafundisheni watu, nitaandika. Msipowafundisha, kaeni.

Nikataka kuendelea. Nilikuwa na hakika ningempandisha hata kidogo, angalau chumvi, angalau ng'ombe mmoja mzee. Wanyonyi akanishika mkono.

"Shemeji, acha."

"Ngoja nimbane kidogo. Anatuhitaji."

"Simiyu hatahiriwi mara mbili," akasema.

Nikaacha.

Wanyonyi akamwita Ekai ndani ya zizi akamfundisha kila kitu. Majina, chumvi, gogo, mluzi, namna ya kuchagua maksai mzee, namna ya kujua dume litakalokubali na lile la kuchinja tu. Hakumficha kitu. Nilimnong'oneza aache angalau kimoja nyuma, akasema hana wakati wa kukumbuka kipi amemficha. Wakawazoesha ng'ombe maneno ya Kiswahili, moja baada ya jingine, mpaka Ekai akawapeleka mwenyewe kutoka ua hadi ua. Masharubu akaandika. Akatulipa kwa mwezi, kama vibarua. Nilizihesabu fedha. Nikazihesabu tena, si kwa tamaa, kwa huzuni.

Salimu alitupa chai bila kudai. "Mmekuwa wa kwanza au wa pili?" akauliza.

"Wa kwanza," nikasema. "Mwizi alikuwa mwingine."

Kurudi hatukutembea polepole. Kimilili tulipita bila kulala, Chwele tulipita bila kununua. Tulipokaribia nyumbani asubuhi tulisikia nyimbo zikitoka mtoni, maana yake wameshampaka kijana matope na wanamleta. Wanyonyi akatupa mzigo wake barabarani, akakimbia. Mimi nikaokota mzigo, nikakimbia na miwili. Nilipofika uani Simiyu alikuwa amesimama, anatazama mbele, na mbele yake alikuwa baba yake, jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka. Kijana hakupepesa jicho. Baba yake pia.

Mwaka uliofuata nilirudi Kitale peke yangu, nikiwa na akili mpya. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa mashamba ya jirani, mkataba uandikwe kwanza na mtu wetu anayejua kusoma, tohara au hakuna tohara, na kumfundisha mtu kuwe na bei yake. Haya nawaambia nyinyi mnaosema tuuze ujuzi nje badala ya mahindi. Uzeni. Lakini gunia la mahindi likishauzwa linabaki huko na wewe unarudi. Ujuzi unaingia shambani ukiwa ndani ya mtu, na mwenye shamba anafunga lango nyuma yake. Ukitoa kipande chako, mwone karani akiandika, na mtu wako akusomee alichoandika.

Shamba la kwanza nililofika, nilimkuta mtu zizini na dume jipya, analilisha chumvi mkononi, analiita jina. Alikuwa Ekai. Masharubu alikuwa anamkodisha kwa majirani, kwa bei ya jozi. Bei ilikuwa ile ile niliyoitaja mimi, ya tatu, ile niliyoinunia.

"Na wewe unapata ngapi?" nikamwuliza.

"Mimi ni wa mwezi," akasema.

Sikuweza kumwita mwizi. Wanyonyi mwenyewe alijifunza kwa kutazama gari la Kaburu mmoja, akiwa amekaa juu ya ua vile vile. Ekai aliniuliza habari za Wanyonyi, na kama kijana alisimama vizuri. Nikamwambia alisimama. Akafurahi kweli. Kisha akauliza, kwa wema kabisa, kama natafuta kazi, maana anahitaji mtu wa kutangulia mbele ya ng'ombe.