Mkono Ulioshika Ukaya

Ilianza Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, saa kumi alasiri. Nilikuwa uani nimemaliza kutwanga mtama, mikono imelegea, mama mkubwa akaja nyuma yangu akanikamata kifundo cha mkono wa kulia. Mimi nikafanya nililolijua: kwa mkono wa kushoto nikaushika ukaya wangu usianguke kichwani.

Alicheka mpaka akaketi chini.

"Mkono huu nimeukamata mimi, na huo umeukamata mwenyewe. Utajitetea kwa nini, kwa meno?"

Sababu ya kunikamata naijua, maana niliileta mwenyewe nyumbani. Kutoka kwetu Dunda hadi kwa bibi anayenisomesha, lazima nipite kando ya kambi ya wapagazi, wale wanaoshusha pembe za ndovu kutoka bara. Siku chache kabla yake mmoja alinishika mkono njiani, akawa ananizungusha kama kitu cha mchezo, wenziwe wanacheka. Aliniachia alipochoka. Nilimwambia mama kila kitu, na mama akasema basi, chuo kimekwisha. Msahafu nimekwisha kuuhitimu, kuandika najua, mwanamke anataka nini zaidi? Lakini nilikuwa katikati ya kitabu cha fikihi, sheria za dini, na kuacha wakati ule kulikuwa ni kuacha moja kwa moja. Ningekaa ndani mpaka niposwe. Mimi si mtu wa kujibu. Nililia jikoni, moshi ukanisitiri.

Aliyejibu ni mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa ameshuka kutoka Miono kuja kututazama. Ujanani alimfuata mumewe safari za bara, akipika kambini, na huko wanawake walifundishana namna ya kujitoa mikononi mwa watu. Akamwambia mama aniache mikononi mwake mpaka mwezi uishe, kisha mama mwenyewe anikamate. Nikijitoa, niende chuoni. Nisipojitoa, nikae. Mama akakubali, nadhani kwa kuwa alijua sitaweza.

Kila alasiri ikawa kazi hiyo. Ukishikwa mkono usivute nyuma. Uzungushe kuelekea lilipo gumba la aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Kisha kiwiko mbavuni, kisigino juu ya vidole vya mguu wake, ukimbie. Hakuna kushindana, ni kuondoka tu. Kuyasema ni rahisi, lakini mimi natwanga, nateka maji, nafua, ndipo nifundishwe, na saa hiyo nataka kulala. Mabega yaliniuma hata kuinua kata ya maji ilikuwa shida. Na kila aliponikamata nilisahau kiwiko, mkono wa kushoto ukapanda kichwani. Tangu nivunje ungo naambiwa nguo, nguo, nguo. Mkono ulisikia kuliko mimi.

"Uache uanguke, mwanangu," alikuwa akisema. "Utauokota baadaye."

Niliona haya hata mbele yake, pale uani penye kuku watupu. Siku nyingine alichoka yeye, akaniambia nina moyo wa uji. Nilikubaliana naye.

Mwezi uliisha siku ya Ijumaa. Baada ya sala ya alasiri mama akafuta mikono, akanijia. Hakunikamata mkono. Aliushika ukaya chini ya kidevu, akauvuta kama anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Hili sikufundishwa. Mkono wa kushoto ukapanda, ukaushika, na nikahisi shingo inakwenda pamoja na nguo. Nikafungua vidole. Nikainama, kichwa kikachomoka, nikampita mama ubavuni mpaka mlangoni. Nikasimama pale kichwa wazi, nywele timtim.

Mama akabaki na nguo mkononi.

"Kakuachia nguo," mama mkubwa akasema taratibu. "Mwenyewe hayupo."

Nilingoja kugombezwa. Mama aliutazama ule ukaya, akaukung'uta vumbi ambalo sikuliona, akaukunja.

"Mimi nisingeuacha," akasema. "Hata leo nisingeuacha."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea kutwa. Mama mkubwa hakumcheka. Mama akanipa ukaya wangu bila kunitazama, akasema kesho niwahi, jua lisinikute njiani, akaenda kuwasha moto.

Asubuhi yake niliswali, nikachukua kitabu, nikatoka. Kambini wapagazi walikuwa wanafunga mizigo. Mmoja akaniita, mwingine akacheka. Sikujua kama alikuwamo yule wa siku ile, wala sikugeuka kutazama. Nilifika kwa bibi, nikampa shikamoo, naye akaniitikia marahaba kama mtu aliyeniona jana. Nikakaa mkekani, nikafungua pale nilipoachia, nikaanza kusoma kwa sauti ndogo. Nilikosea mstari wa kwanza kwa uchovu, akanirudisha, nikausoma tena.