Fundi Aliyeandikiwa Kujifungua

Kwa miaka saba Boahemaa alikuwa na kazi moja katika hospitali yetu: kusoma mafaili ya wagonjwa na kuandika namba ya kila ugonjwa kwenye fomu za madai, ili bima ilipe. Mwezi ule mwenzake alikuwa likizo, na mafaili ya watu wawili yakamwangukia yeye. Akawa anaandika macho yanamuwasha, hajui tena kama amesoma malaria au mguu uliovunjika.

Bima ikarudisha fomu moja. Mgonjwa: Kwabena Nsiah, seremala, miaka sitini na minne. Ugonjwa: kujifungua salama.

Ofisi nzima tulicheka, na Boahemaa akacheka kutushinda. Hakusema kwamba ni mkono wake. Nsiah alipokuja kuchukua dawa zake za presha, karani wa dirishani akampokea mbele ya foleni.

"Mjomba, hongera! Wa kike au wa kiume?"

"Nani?"

"Mtoto! Si umejifungua? Bima wanasema salama salimini!"

Foleni ikaangua kicheko. Hadi jioni mji mzima ulikuwa unamwita Mama Mzazi. Wauza fufu, ule ugali wa muhogo, wakamuuliza kama maziwa yanatoka. Tangu hapo hospitali hakukanyaga, hata kuchukua dawa za presha.

Boahemaa aliona faili la Nsiah halipiti mezani. Mwezi wa kwanza alijiambia ataenda kumwomba radhi. Wa pili vilevile. Wa tatu faili likaja: kiharusi, upande wa kulia.

Jumamosi akaenda nyumbani kwa mzee. Mke wa Nsiah akampa maji, akanywa, ndipo akaulizwa kilichomleta. Alieleza yote, hata kile kicheko chake, macho yakiwa sakafuni.

Maneno yakamtoka mzee kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kukosea namba naelewa. Hata mimi nimeshakata mbao zikapungua. Lakini siku ile dirishani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mjomba. Nyuma ya karani."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Hakumfukuza, wala hakusema amemsamehe.

Jumatatu Boahemaa alisimama mbele ya foleni, akatangaza kwamba kosa lilikuwa lake. Wawili watatu walicheka. Wengine walitaka dawa zao tu.

Siku hizi Nsiah huja kliniki, mkewe akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Wakipita mlangoni kwetu, Boahemaa husimama na kumwamkia. Mzee huitikia, lakini hageuzi uso.