Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Juzi hapa Kabiro nilimwona jirani akijaza fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu chumbani kwetu Mashimoni. Mabati yaliwaka jua, stovu ilinuka mafuta taa, na mdogo wangu mchanga alikuwa amelia tangu asubuhi. Sisi Wajaluo tulisema mtoto akilia hivyo, kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto apewe jina lake. Dani, nyanya yetu, alimpakata akiyaita majina ya wafu wetu moja baada ya jingine. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake.

“Ita mwingine, Mama,” alimsihi Dani. “Ita tu!”

Nilimgusa mtoto mguu, ukanichoma. Leo najua homa ile ilitaka daktari. Siku hiyo niliogopa tu majina yasije yakaisha. Dani aliposema “Akeyo”, kilio kilikatika.

“Amepata jina! Ni Akeyo!” nilipaza sauti.

Nilitoka mbio hadi kwa akina mama waliokuwa wakifua kwenye ua wa ploti yetu, nao wakanipokea kwa vigelegele, mikono ikichuruzika povu. Tulikuwa bado tunashangilia Mama alipopiga nduru ya msiba kule chumbani.