Uso Wangu Chini ya Zimwi

Naandika haya mwenyewe kabla wengine hawajayasimulia kwa niaba yetu.

Nyamoita, kitinda mimba wangu, huchorea vitabu vya watoto nyumbani kwetu Sironga. Huanza kwa makaa ya jikoni, kwenye karatasi aliyoipaka chai nzito. Hubandika nyuzi za mgomba, hupiga picha kwa simu, kisha kwenye tableti hupanga tabaka juu ya tabaka: karatasi, nyuzi, picha za watu, rangi.

Mwezi uliopita aliagizwa achore zimwi lenye sura ya bibi kizee. Alipomaliza, aliituma picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha vijana wa kanisa wampe maoni.

Siku ya pili Benter, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kebirigo, alifika akihema.

"Mwalimu, leo umemla nani?" alitania, kisha kicheko kikamkatikia. "Zimwi hili ni wewe. Sokoni wanarushiana kwenye simu. Wameandika chini, 'Mchawi wa Sironga.' Na hawacheki."

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na nyumba hii haijawahi kutajwa vibaya. Lakini huku kwetu mjane akishaitwa mchawi, shahada hazimkingi. Niliwahi kupita penye boma la mjane mmoja aliyeitwa hivyo, likachomwa. Palibaki majivu na mparachichi ulioungua upande mmoja.

"Ulitumia nini?" nilimuuliza Nyamoita.

Akafungua tableti, akaondoa tabaka moja moja. Rangi zikatoka. Nyuzi zikatoka. Nikabaki mimi, katika picha ya siku ya mazishi ya baba yake, mdomo wazi, nikilia.

"Niliitoa sandukuni mwako. Nilitaka mikunjo tu, Mama. Nilidhani meno ya zimwi yamekuficha."

"Futa!"

"Nikifuta, wao bado wanayo. Turekodi video, waone nilivyoitengeneza."

Picha ile nilikuwa nimeificha sandukuni miaka sita. Hata mashemeji hawakuiona. Nilivaa gauni la kanisani, nikaketi kando yake, na tabaka la mwisho lilipobaki nikasema kwa sauti ya darasani, "Huyu ni mimi, nikimlilia mume wangu Nyangau."

Tukaituma video kwenye kikundi kilekile. Jioni Benter alipiga simu. "Wengi wamefuta, Mwalimu. Wengine wamenyamaza tu."

Nyamoita amelichora upya zimwi, na sasa lina uso wa gogo la mti. Mimi nafunga mlango kwa makomeo mawili, na kila mbwa akibweka nawafikiria hao walionyamaza.