Sindano za Kisogoni

Saluni nzima ilimwita Kidole, kwa umoja, ingawa alikuwa navyo vyote kumi na vyote vilikuwa kazini. Alikuwa msusi wa miaka mingi, mwanamke wa makamo aliyeishi peke yake katika chumba cha kupanga. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mbali, na kila Jumapili alipiga simu kuuliza kama mama ni mzima. Mama alikuwa mzima. Swali lilikuwa na jibu moja tu, na wote wawili walilipenda kwa sababu lilifupisha simu.

Jumatatu ni siku ya ukame kwa wasusi. Wateja wamekwisha kupendeza Jumamosi, na mitindo bado inadai kuonekana. Basi siku hiyo wasusi walisukana wenyewe kwa wenyewe, maana kinyozi hajinyoi, na msusi naye hakupewa macho kisogoni. Kichwa cha Kidole kilikuwa mikononi mwa jirani yake wa kiti, mwanamke waliyemwita Redio kwa kuwa alianza kusema mlango ukifunguliwa na hakuna aliyewahi kupata kitufe cha kumzimia. Alisimulia habari za wakwe zake, za wapangaji wenzake, za mbuzi wa watu. Kidole hakusikiliza hata nusu. Alifumba macho. Juma zima yeye ndiye aliyeshika vichwa vya watu. Jumatatu, chake kilishikwa. Lau mtu angemwambia kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikimsogeza kutoka juma moja hadi lingine, angecheka, kisha angetafuta la kufanya na mikono.

Siku moja, akiosha nywele nyumbani, kidole chake kilipita kisogoni kikateleza. Palikuwa na mahali penye ukubwa wa kizibo cha soda, pasipo unywele hata mmoja, laini kama ganda la yai. Hapaumi, hapawashi. Aliparudia mara kadhaa, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

Mpishi angeshuku chakula. Mwalimu angeshuku mawazo. Kidole alikuwa msusi, na msusi anajua kitu kimoja kuhusu vipara vya wanawake: vinatokana na kuvutwa. Na kichwa chake kilikuwa kimevutwa na mtu mmoja tu.

Jumatatu iliyofuata Redio alimtandikia taulo mabegani, tayari yuko katikati ya habari ya shemeji yake. Kidole akalitoa taulo, akalikunja.

"Mimi usinisuke tena," alisema. "Mkono wako mzito."

Wateja wawili waliokuwapo waliacha kusoma simu zao. Kumwambia msusi kwamba ana mkono mzito ni sawa na kumwambia mkunga kwamba huangusha watoto. Redio alicheka kwanza.

"Mwenzangu, leo umekula nini?"

Kidole hakujibu. Kutojibu ndiko kulikoaminiwa. Maneno yalitoka nje na wale wateja wawili, na kabla ya mwezi kwisha, watu walikuwa wakiingia saluni wakiuliza kwa adabu yupi ndiye yule wa mkono mzito, ili wakae kwa mwingine. Redio alikusanya vitana vyake akahamia saluni ya mtaa wa pili, karibu na mashine ya kusaga. Hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ungekuwa afadhali, wagombanao hupatanishwa.

Kiti kilichoachwa kiliwekewa katoni za nywele za bandia. Na kichwani mwa Kidole baka la pili likatokea, kisha la tatu, bila mkono wa Redio kuwa karibu. Mtu mwenye kiburi kidogo zaidi ya haja huliona jambo kama hilo na bado halioni.

Alianza kufunga kitambaa. Hili lilihitaji maelezo kwa mwenye saluni, bibi waliyemwita Tajiri, ambaye hakuogopa kitu duniani isipokuwa mapunye. Tajiri alikuwa ametangaza kwamba kichwa chenye mapunye hakitavuka kizingiti chake, kiwe cha mteja, cha msusi au cha mama yake mzazi. Kidole akasema amezidisha ibada. Tajiri aliheshimu hilo, akawa anamwomba aiombee biashara.

Daktari wa ngozi aliyemwendea hatimaye alikuwa kijana mpole, mwenye mikono baridi na maneno machache. Alimulika mabaka kwa kioo cha kukuzia, akavuta kwa upole nywele za pembeni. Kidole akamweleza habari ya mkono mzito, kwa kirefu, kama anayetoa ushahidi. Daktari alisubiri amalize. Akasema nywele zinazovutwa huanza kukatika kwa namna nyingine. Haya yalikuwa maradhi ya kinga ya mwili. Askari wa mwili wameidhania mizizi ya nywele kuwa adui wakaishambulia. Hayaambukizi.

"Kwa hiyo aliyenisuka?"

"Hakukufanya kitu, mama. Hakuna aliyekufanya kitu."

Wagonjwa wengi hushukuru wakiambiwa hivyo. Kidole alikaa akitazama chati ya ngozi ukutani. Lawama aliyokuwa ameibeba miezi yote ilikuwa imemrudia mikononi, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kupokezana naye.

Tiba ilikuwa sindano za steroidi, papo hapo kichwani. Sindano nyembamba, tone moja, isogezwe kidogo, tone jingine, mpaka baka limezungukwa lote. Kila baada ya wiki kadhaa, tena. Daktari alimtahadharisha kwamba ngozi inaweza kubonyea kidogo, na nywele zikirudi huenda zikaanza nyeupe. Akamshika kichwa kwa mkono wa kushoto ili kisitikisike. Iliuma kama siafu waliopangwa mstari. Kidole alifumba macho.

Alipotoka pale aligundua kwamba alikuwa ameanza kuingojea ziara nyingine, na kwamba alichokuwa akikingojea si nywele. Mtu wa umri wake anangojea sindano kama wenzake wanavyongojea wageni! Lakini daktari alidunga kimya. Hakuwa na shemeji wala mbuzi wa kusimulia.

Akaenda mtaa wa pili. Alimkuta Redio akimsuka msichana, wateja wengine wakingoja. Akamsogelea, kitambaa kichwani, akamnong'oneza: alikuwa mgonjwa, hakujua, daktari amesema haukuwa mkono wake.

Redio aliendelea kugawa nywele kwa kitana. Alipojibu hakunong'ona.

"Yale uliyasema mbele ya watu. Haya unaniletea sikioni?"

Wateja wakainua macho. Kidole alimwazia Tajiri na mapunye yake, akawazia kodi ya chumba, akarekebisha kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea. Akasema atarudi siku nyingine. Redio akasema sawa, kwa sauti ile watu wanayotumia kumwambia anayeuliza bei na kuondoka.

Sindano zikaendelea, nazo zikafanya kazi. Malaika meupe, laini kama nywele za mtoto mchanga, yaliota katikati ya mabaka, kisha nywele zenyewe, nyeupe, urefu wa punje ya mchele. Daktari alifurahi kuliko mgonjwa. Alisema leo hatamdunga, hapana haja. Baada ya miezi zitashika rangi na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu.

"Hata moja ya mwisho?" aliuliza Kidole.

"Ya nini, mama? Umepona."

Njiani, hilo la hakuna atakayejua lilimkaa vibaya. Mabaka yalikuwa shahidi pekee aliyekuwa naye. Yakifunikwa, Redio atabaki na mkono mzito maisha yake yote, na yeye atabaki na kichwa kizuri.

Hakupitia nyumbani. Saluni ya mtaa wa pili ilikuwa imejaa, ikawa afadhali na ikawa vibaya zaidi. Alisimama mlangoni, akafungua kitambaa, akageuka ili kisogo kionekane na kila aliyeketi.

"Nilisema huyu ana mkono mzito," alisema akiwatazama watu wa barabarani, kwa kuwa ndio waliokuwa mbele yake. "Nilisema uongo. Nilikuwa mgonjwa. Mkono wake mwepesi."

Mashine ya kusaga ilisikika vizuri sana. Mama mmoja aliuliza kama inaambukiza. Kidole akasema haiambukizi. Mama akamvuta bintiye karibu, bila kinyongo, kama mtu anayeanika nguo ndani kwa sababu tu kuna wingu.

"Nimesikia," Redio alisema. Vidole vyake havikuwa vimesimama. "Foleni ni hiyo. Anayesukwa anakaa."

Kidole alikaa mwisho wa benchi. Aliyekuwa jirani yake alisogea, akasogea tena, hata pakabaki nafasi ya watu wawili wanene. Habari ya kichwa chake ingefika kwa Tajiri kabla ya jioni, hilo alilijua. Maneno ya saluni hayahitaji nauli. Alikikunja kitambaa akakiweka mapajani, upepo wa mlangoni ukimpiga mahali ambapo haukuwa umempiga kwa muda mrefu.

Kule mbele Redio alikuwa ameanza kumsimulia mteja wake habari za shemeji. Hakugeuka kutazama benchi. Kidole alisikiliza yote, neno kwa neno, akingoja zamu.